Tumeuza Karavani

Tumeuza karavani ya Borth
ili nikae nusu saa mbele ya mtu asiyenijua.
Gethin hakusema neno. Alihesabu noti mezani,
akazitia kwenye bahasha ya bili ya gesi,
akaandika juu yake kwa penseli: mgongo.

Mgongo. Kana kwamba ni jina la duka.

Miaka sita naamka saa tisa usiku,
si kwa kengele, si kwa mtoto,
bali kwa kitu kinachonisokota kiunoni
kama mtu anayekamua blanketi, hajaridhika.
Nashuka ngazi kwa makalio, kipandio kwa kipandio,
paka ananipita akiniona mjinga.
Saa kumi na moja niko kwenye tanuri la Bwana Prosser,
vidole vimeumuka kuliko mikate,
vimeshindwa na kifuniko cha hamira.
Kufika saa nne, ajabu, nimelainika,
nabeba trei kama msichana.
Ndiyo maana hawakuniamini.

Husemwa mficha maradhi, kilio humfichua.
Mimi sikuyaficha.
Niliyavika koti, nikayapeleka zahanati kila mwezi,
nikayakalisha kitini mbele ya daktari,
nayo yakanyamaza kama mtoto mtundu mbele ya mgeni.
Damu safi. Picha safi.
"Ni umri," alisema wa kwanza. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.
"Ni godoro." Tukanunua godoro.
"Una huzuni nyumbani?" Nikatazama viatu vyangu.
Niliporudi nilikuwa nayo.

Kliniki ya Cardiff ina zulia. Ina maji yenye vipande vya limau.
Nililiogopa lile zulia:
lilinifanya nijione nimekuja kununua ugonjwa,
kwamba nikilipa vizuri watanitafutia wenye jina refu.
Nilitaka kurudi garini.

Daktari Sivapalan alivaa soksi za kijani.
Hakufungua faili langu. Alilisukuma kando
kama sahani iliyokwisha kuliwa.
"Ukipumzika," akauliza, "maumivu yanapungua, au yanazidi?"

Miaka sita. Hakuna aliyeuliza.

"Yanazidi," nikasema, sauti ikakatika katikati ya neno.
Kisha akauliza kisigino. Kisha jicho:
lile jicho jekundu la mwaka wa harusi ya dada yangu,
nililolifunika kwa miwani ya jua mle kanisani.
"Na katika ukoo wenu, nani alipinda?"

Nikacheka. Kwetu Rhondda nani hakupinda?
Babu Idwal aliinama hadi akawa anaziona sarafu njiani kabla yetu,
hamtazami mtu pembeni bila kugeuza mwili mzima.
Tulisema ni makaa. Chama cha wachimbaji kilisema ni makaa.
Jiwe la kaburi nusura liseme ni makaa.
Lakini nduguye Emrys alichimba ukuta uleule, zamu ileile,
akafa wima kama nguzo ya simu.

Daktari akaacha kuandika.

Usidhani alinipa jina. Alisema, "Bado sijui."
Alisema damu huweza kukaa kimya ilhali moto unawaka;
kwamba picha yao ilitazama juu, nami naumia chini,
pale kiuno kinapopokea uti.
Akaandika barua ya kunirudisha kwenye foleni ileile ya serikali,
kipimo cha sumaku, miezi minane.
Nusu saa ikaisha. Na karavani ikaisha,
mchanga wake kwenye mashuka, birika lake la mluzi.

"Amesemaje?" Gethin aliuliza, injini inaunguruma.
"Amesema hajui."
Akaukagua uso wangu, akitafuta mtu aliyetapeliwa.
"Mbona unatabasamu?"

Sikuwa na jibu la kutosha mle garini.
Nilimwomba anisubiri, nizunguke maegesho mara moja,
kwa kuwa nikikaa naumia, nikitembea napona kidogo,
na sasa kuna mtu ameliandika hilo kwa wino.
Manyunyu yalikuwa yakishuka. Niliipita mashine ya tiketi
nikijaribu kuinua kichwa pale Babu aliposhindwa.
Niliona paa. Niliona shakwe akigombana na mfuko wa chipsi.

Mzunguko wa tatu, Gethin akapiga honi.